Gari la Amerika Halina Kiti cha Nyuma

Baba yangu alifundisha fizikia miaka thelathini mjini Baraka, upande wa Kongo wa Ziwa Tanganyika, na mtu akifundisha fizikia muda wote huo bila maabara, huzoea kueleza vitu ambavyo hakuna anayeviona. Nadhani ndiyo sababu alilipenda gari lake. Mwendo wake alitueleza kwa chaki, kwa kuwa barabarani haukuonekana.

Lilikuwa gari dogo la mbio, la Kijapani, la milango miwili, jekundu lililopauka, linalonizidi umri kwa mwaka mmoja. Paa lake lilimfika mtu kifuani. Alilinunua Bujumbura kwa mgeni aliyekuja nalo toka Amerika na aliyekuwa anarudi kwao. Kulifikisha Baraka kulichukua siku tatu, maana barabara yetu haikutengenezwa kwa gari la namna ile. Kwa kweli haikutengenezwa kwa gari lolote. Ila lilikuwa jepesi, na wepesi ule uliliokoa: penye tope, wanaume sita walilinyanyua, wakalivusha, wakaliweka chini kama godoro. Baba hakushuka. Alibaki ndani ameshika usukani, kwa heshima ya gari.

Nyuma ya viti viwili vya mbele palikuwa na masanduku mawili ya plastiki yenye vifuniko. Mimi na kaka zangu wawili tulikaa juu yake, vichwa vikigonga kioo cha nyuma, na hatukuwahi kuuliza kitu. Tulidhani ndivyo Mungu alivyopanga: baba na mama kwenye kiti, watoto kwenye sanduku. Mama alifariki nikiwa sekondari, na dada yake baba akahamia kwetu kutulea. Shangazi huyu ni mwanamke mnene, mwenye neno la mwisho katika kila jambo, na gari lile hakulipanda hata siku moja. Alisema haketi mahali ambapo hata mbuzi anamtazama kutoka juu.

Basi tungeishi hivyo kwa amani, kama jirani yetu asingenunua gari lilelile.

Jirani ni mfanyabiashara wa ndagala, yaani dagaa wa ziwani. Anazinunua Kazimia, anaziuza kila mahali, na ni mtu mwema, jambo ambalo baba hajamsamehe mpaka leo. Gari lake lilitoka Japani, likapita Kigoma, likavuka ziwa kwa boti juu ya magunia. Mji mzima ulishuka bandarini. Lilikuwa jekundu pia, la umbo lilelile, kama pacha wa gari la baba aliyelelewa na shangazi mwingine. Wiki ya kwanza wenye magari wawili walikuwa ndugu wa kuitana asubuhi. Wiki ya pili wakaanza kulinganisha.

Usukani wa jirani ulikuwa kulia, kama Wajapani wanavyotaka. Wa baba ulikuwa kushoto, kama Amerika na kama Kongo. Jirani akitaka kulipita lori, ilibidi mtu akae kushoto kwake amwambie kama njia ni nyeupe, na mtu huyo alikuwa mke wake, ambaye tangu hapo sauti yake imekuwa ya kutisha hata akisalimia. Taa za gari lile zilielekezwa kumulika ukingo wa kushoto. Huko Japani ukingo huo una watembea kwa miguu. Kwetu una lori linalokuja. Kwa hiyo jirani alitukanwa na kila dereva kati ya Baraka na Lusenda, na alidhani wanamwonea wivu.

Saa ya mwendo ya baba ilihesabu maili. Mshale ukifika ishirini, alitutangazia: "Thelathini na mbili!" Alisema hili ni gari nyenyekevu, linakwenda kuliko linavyosema. La jirani lilihesabu kilomita, tena lilikuwa na kengele ndani: ukizidi kilomita mia kwa saa, inalia taratibu kukuonya. Jirani amekaa miaka mitatu akingoja kuisikia. Kati ya Baraka na Fizi hakuna mahali ambapo gari linaweza kufika hata nusu ya mwendo ule na bado likabaki gari moja. Lakini aliisifu kengele yake kanisani, na watu waliitikia.

Halafu kulikuwa na mikanda. Ya jirani ilikuwa mikanda ya kawaida. Ya baba ilikuwa imefungwa kwenye mlango wenyewe: ukifunga mlango, mkanda unakufuata na kukukumbatia, ukifungua, unaondoka na mlango. Baba alisema Wamarekani walichoka kubembelezana wajifunge.

Mji ukagawanyika. Watu ambao hawajamiliki hata baiskeli waliulizana kisimani, "We uko wa Amerika ao wa Japon?" Kwetu, kitu kikiletwa, swali la kwanza si kama kinafanya kazi. Swali la kwanza ni asili yake ni wapi. Mji wetu haujawahi kukosa sababu ya kugawanyika, na sababu nyingine zimetutoa machozi sana, lakini hii angalau haikuua mtu.

Siku moja jirani alifungua mlango wake, akakunja kiti cha mbele, akamwonyesha baba kilichokuwa nyuma. Palikuwa na kiti. Kiti kamili cha kitambaa, chenye mgongo, cha watu wawili. Baba aliinama akakitazama muda mrefu.

"Muzee," jirani akasema kwa huruma ya kweli, "bale Baamerika balikuibia kiti."

"Hapana," baba akajibu. "Kule kila muntu iko na gari yake. Habapendake kubeba bantu ya bure. Bajapon beko bengi, inchi yabo kadogo, njo maana banabananishana."

Ilikuwa nadharia nzuri. Lakini jioni ile nilimwona amefungua vifuniko vya masanduku yetu ya plastiki na kuchungulia ndani, kana kwamba kiti kimejificha humo.

Haya yote yangebaki kichekesho kama nisingeposwa. Mume wangu ni mtu wa Lweba, na wazee wao walipokuja kwa mazungumzo, baba, ambaye hanywi kitu chochote na kwa hiyo hana pa kusingizia, alisimama mbele ya koo mbili na kusema: "Mutoto yangu atafika Lweba ndani ya gari yangu, na mi mwenyewe nitamuendesha." Wakapiga makofi. Wakaenda kuitangaza ahadi hiyo Lweba nzima. Baba hakuwa na ng'ombe wala shamba la kujivunia. Alikuwa na neno lake, nami nilijua kwamba likianguka, ataanguka nalo.

Shida ilikuwa shangazi. Katika ukoo wetu bibi arusi hatoki peke yake. Shangazi humshika mkono wa kuume mlangoni pa nyumbani kwao, na hauachii mpaka shangazi wa upande wa mume aupokee. Akiuachia njiani, hata kwa kujikuna, wale wa upande wa pili wana haki ya kusema bibi arusi ameokotwa, na mazungumzo huanza upya. Na kwetu mazungumzo yakianza upya, kuna mbuzi wanaokufa.

Hesabu basi: baba kwenye usukani, mimi, na shangazi. Watu watatu, viti viwili. Mwalimu wa fizikia alikuwa ameahidi kabla ya kuhesabu.

Nilimwambia tukodi jipu, kama wanavyofanya watu wenye akili. Alinitazama kana kwamba nimemtukana mama yangu. Nilipendekeza nimkalie shangazi mapajani, na hapo shangazi ndiye aliyenitazama. Basi baba akaagiza kiti cha nyuma. Alimwandikia mtu wa Kigoma, na baada ya majuma mengi kiti kikafika kwa boti, kimefungwa kwa turubai, kizuri, karibu kipya. Kilikuwa cha gari la Japani, bila shaka, kwa sababu cha gari la Amerika hakipo duniani.

Fundi wetu aling'oa masanduku. Akashusha kiti mahali pake, akalala chini ya gari, akatoka amejipaka udongo. "Mwalimu, hakuna matundu ya buloni za kukaza kiti. Chini iko laini kabisa."

"Gari ni moja!" baba akasema. "Umbo moja, mashini moja!"

"Juu ni moja," fundi akasema. "Chini ni kila mutu na kwabo."

Alitaka kutoboa. Baba alikataa katakata; mtu hatobolewi sakafu kwa ajili ya harusi. Wakakifunga kwa kamba, na shangazi akaombwa akijaribu. Aliingia kwa ubavu, tukisukuma kwa adabu. Kitambaa chake cha kichwa kiligusa kioo, magoti yakamfika kidevuni, halafu kamba ikalegea na kiti kikainuka mbele pamoja na yeye. Akawa amelala chali huku miguu ikitazama mbinguni.

"Munitoshe!" alipiga kelele. "Munitoshe humu! Mi nitakufa ndani ya chupa?"

Tulimtoa kupitia mlango wa kioo wa nyuma, fundi akivuta na baba akieleza. Alipopata pumzi, aliyoyasema siwezi kuyaandika, kwani bado yuko hai na anasoma.

Jirani, mwema kama kawaida, akaleta gari lake. "Muchukue yangu," akasema. "Hii iko na kiti ya bukweli." Baba akageuka akaangalia ukuta. Shangazi akakizunguka kile kiti cha kweli, akakipima kwa shubiri, akaingiza mguu mmoja na kuutoa. Kilikuwa cha ukubwa uleule. Kilikuwa kimefungwa kwa buloni, basi, lakini hakuna mtu mzima wa nchi yoyote angeweza kukaa pale na akashuka akiwa na heshima yake. Jirani mwenyewe alikiri kwamba katika miaka mitatu kimekaliwa na magunia ya ndagala tu. Kwa hiyo Wajapani walikuwa wameweka kiti kisichokalika, na Wamarekani walikuwa wamesema ukweli na kuweka sanduku. Nadhani siku ile tulielewa mataifa mawili makubwa kuliko waliosafiri kwenda huko.

Zilibaki siku tatu. Baba hakula vizuri. Alikaa mbele ya ubao wake mdogo akichora gari kutoka juu, kutoka ubavuni, sisi watatu tukiwa viduara, na kila alivyotupanga, kiduara kimoja kilibaki nje. Nilimhurumia mpaka nikakasirika. Nilitaka kumwambia kwamba hakuna mtu Lweba anayejali, lakini ingekuwa uongo. Lweba nzima ilikuwa inangoja gari.

Shangazi ndiye aliyekwenda ubaoni. Alifuta kiduara kimoja kwa kiganja.

"Mutoto anajua kuendesha, ao hapana?"

"Anajua," baba akasema. "Mi mwenyewe nilimufundisha." Ni kweli. Alinifundisha kwenye uwanja wa mpira, kwanza breki, ambayo yeye huiita frein, na permi ya udereva ninayo.

"Basi." Akazungusha usukani wa hewani. "Mutoto anashika vola. Mi nashika mukono yake. We unashika nini?"

Jirani, aliyekuwa amekuja kuuliza habari, akasema kwa haraka kwamba kama ni hivyo hata gari lake linafaa. Shangazi akamgeukia. "Kwako muntu anaendesha akiwa kuume. Nitakaa kushoto yake, nitamushika mukono ya kushoto. Mukono ya kushoto! Banataka baseme tulimupana kama takataka?"

Kisha baba akasimama, kiti kikaanguka nyuma yake. Aliona jambo ambalo hata mimi nilikuwa sijaliona: katika gari la Amerika dereva hukaa kushoto, gia iko katikati, na mkono wa kuume ndio unaokaa kwenye gia, upande wa abiria. Shangazi angeweza kuushika safari nzima.

"Munaona!" akapiga makofi. "Munaona! Gari ya Amerika! Niliwaambia!"

Alimshika jirani mabega, akamtikisa, akacheka mpaka akakohoa. Ilimchukua muda kutambua kwamba ushindi ule ulikuwa umemtoa yeye ndani ya gari. Nilimwona anapotambua. Uso wake ulibaki umecheka, lakini macho yakashuka kwenye ubao, pale palipofutwa.

"Ni sawa," akasema. "Ni mpangilio muzuri."

Asubuhi ya harusi shangazi alinishika mkono mlangoni na tukaenda hadi garini tukiwa tumeungana, tukaingia kwa mlango mmoja, yeye kwanza, akivuka gia kwa maneno makali. Nilikunja gauni mpaka magotini, nikavua viatu. Gia tulibadilisha wawili. Kila nilipoingiza ya pili, shangazi alisukuma pia, kwa kusaidia, na kila nilipokanyaga klachi alimwita Yesu. Nyuma yetu alikuja jirani na kaka zangu, waliokunjwa kwenye kile kiti cha nyuma kama magunia, mke wake akipiga kelele njia nyeupe, njia nyeupe. Na nyuma ya jirani, juu ya pikipiki ya kukodi, alikuja baba katika suti nyeusi, ameketi nyuma ya motari kama mzigo wa mtu mwingine.

Kwenye bariere, kamba iliyozuia barabara, askari alisimamisha gari, akainama, akaendelea kuinama maana gari ni fupi.

"Shofere iko wapi?"

"Ni mi."

"Na bibi arusi?"

"Ni mi."

Alichungulia nyuma kumtafuta mtu wa tatu. "Permi."

Hapo ikawa kazi. Mkono wa kuume haukuwa wangu siku ile, na kumpa mtu mzima karatasi kwa mkono wa kushoto ni kumtukana. Mimi na shangazi tuliiokota permi pamoja na kuipeleka dirishani mbele ya kifua changu, mikono miwili, karatasi moja. Askari aliipokea kwa mikono miwili naye, akatusomea baraka, akatufungulia kamba. Hakuuliza asili ya gari, na sijui kama itatokea tena.

Lweba walikuwa wamejipanga barabarani. Wakaukimbilia mlango wa kulia kwa vigelegele, wakaufungua, wakamkuta shangazi. Vigelegele vikafa vyote kwa pamoja. Nikafungua wangu, na ule mkanda wa mlangoni ukaondoka na shela yangu, nikabaki kichwa upande, nikicheka kwa aibu, mkono mmoja kwa shangazi. Ilibidi shangazi wa mume azunguke, aingize mkono mlangoni, na nilipokelewa juu ya usukani, gari likiwa bado linanguruma. Wazee walishauriana. Wakaamua kwamba mkono haukuachwa. Mbuzi wakapona.

Baba alifika baada ya vumbi kutulia. Jirani mbele yake alikuwa amemmwagia barabara yote. Nyusi zilikuwa nyeupe, na suti ilikuwa ya rangi ya njia. Mzee mmoja wa upande wa mume, mtani wa kuzaliwa, akamwendea.

"Mwalimu, ulisema utamuendesha we mwenyewe."

Nilitaka ardhi impasukie yule mzee. Baba akajipangusa uso kwa leso, taratibu, jicho moja kisha la pili.

"Nilikuwa nyuma," akasema. "Niliangalia taa yake ya frein njia yote. Alikuwa anafunga frein muzuri. Mahali pa kufunga, alifunga."

Yule mzee akamshika mkono. Mimi nililia, na wanawake wa Lweba wakadhani ni kilio cha desturi, wakaniitikia.

Baba alirudi na gari lake siku ileile. Shangazi alibaki kwetu majuma mawili, kuona kama tunajua kupika.

Miezi miwili baadaye nilikwenda Baraka kuwasalimu. Jua lilikuwa kali, na baba akaniomba nilisogeze gari kivulini, yeye akiwa na sahani mkononi. Nikaingia, nikawasha, nikakanyaga klachi, nikalipeleka kwenye kivuli cha nyumba. Nilipozima ndipo nikashtuka. Miguu yangu ilikuwa imefika.

Baba ananizidi kichwa kizima. Asubuhi ya harusi nilikuwa nimekivuta kiti mbele mpaka mwisho, ili nifikie klachi bila viatu. Kilikuwa bado palepale. Nikafikiria njia yote ya kutoka Lweba, na miezi miwili ya kwenda sokoni na kanisani.

"Papa, unaendeshaka hivi?"

"Magoti inaniuma kidogo," akasema.

"Sukuma kiti nyuma. Hapa chini, kuna chuma."

"Najua pale iko."

Akaweka sahani chini, akachukua kitambaa, akaanza kufuta kioo cha mbele, ambacho kilikuwa safi. "Acha tu," akasema bila kuniangalia. "Nimezoea."

Nikakiacha kiti kama kilivyokuwa, nikashuka.